Hesabu ya Hakuna Mtu

Marehemu mume wa Shangazi alikuwa na mzaha mmoja tu, na aliutumia miaka ishirini na sita bila kuuchoka. Mteja akipiga hodi kwenye duka lao la ushonaji, yeye, aliyeketi juu ya stuli yake nyuma ya cherehani, anaonekana wazi na kipara chake, alijibu kwa sauti nzito: "Hakuna mtu!"

Wateja wapya walishtuka. Wa zamani waliitikia, "Basi huyo 'hakuna mtu' aniambie kama suruali yangu iko tayari." Shangazi alisonya kila mara, miaka yote ishirini na sita.

Sasa mwaka ulikuwa umepita tangu wamzike. Stuli ilikuwa pale pale, na hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. Wateja walisubiri wamesimama.

Asubuhi moja binti wa kaka wa Shangazi aliingia dukani amekumbatia kompyuta ya mkononi kama mtoto mwenye homa.

"Shangazi, niokoe."

"Nani anakufukuza?"

"Sifukuzwi. Nataka uwe mjinga wangu."

Shangazi alitoa pini mdomoni, moja moja, ili apate nafasi ya kuuliza vizuri. Ndipo binti alipoeleza. Chuo cha ufundi cha mtaa wa pili kilitaka mwalimu wa kuwafundisha watu kuandika programu za kompyuta, watu wasiojua lolote. Nafasi ni moja, wanaoitaka ni wawili. Mkuu wa chuo alikuwa ameamua hivi: kila mmoja atafute mtu asiyewahi kugusa kompyuta, amfundishe siku kumi, halafu mtu huyo aje mbele yake, aandike programu ya kuhesabu watu waliokaa kwenye foleni, na aieleze kwa kinywa chake mwenyewe. Yule mshindani mwingine, ambaye binti alimwita Sanduku kwa kuwa kila somo lake lilianza na sanduku la kuwekea namba, alikuwa ameshampata kinyozi.

"Na ukiikosa hiyo nafasi?"

"Baba amesema narudi nyumbani kumsaidia kufuga kuku." Binti aliikumbatia kompyuta zaidi. "Shangazi, unajua kuku hawanipendi."

Shangazi alijua. Alikuwepo siku ya jogoo. Alifunga mlango nusu, akasogeza kitambaa pembeni ya meza ya kukatia.

"Lete huo ujinga," alisema.

Somo la kwanza liliharibika baada ya maneno matatu.

"Hii inaitwa kazi," binti alisema, akionyesha kioo cha kompyuta.

"Kazi gani? Si ndiyo kwanza unaitafuta?"

"Siyo ajira, Shangazi. Kazi ya kwenye programu. Ni kama cherehani. Unaingiza kitu huku, kinatoka kingine kule. Ukiingiza kile kile, kinatoka kile kile, leo na kesho."

"Cherehani yangu haina tabia hiyo. Ikiamka vibaya inakula uzi."

"Basi ni kama cherehani yenye adabu."

Hilo alilielewa. Aliandika kazi ya kwanza, iliyochukua upana wa kiuno na kutoa urefu wa mkanda, akaibonyeza mara tisa kuona kama itajisahau. Haikujisahau. Akaiheshimu.

Kesho yake binti alimfundisha kanuni kubwa. Katika programu za namna hii, alisema, kitu kikishapewa jina hakibadilishwi tena. Ukitaka kingine unatengeneza kipya, na cha zamani kinabaki kilivyo.

"Kinabaki kilivyo?"

"Hakiguswi."

"Rudia."

Binti alirudia. Shangazi alitazama upande wa stuli, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa jambo alilolisema yeye mwenyewe muda mrefu na watu wakampuuza.

Tatizo ni kwamba aliichukua kanuni hiyo akaiingiza dukani. Mchana huo huo Fundi Bomba, mteja wao wa tangu zamani, alileta suruali apunguziwe urefu.

"Suruali haibadilishwi," Shangazi alimjibu.

"Haibadilishwi na nani?"

"Na yeyote. Nitakushonea nyingine fupi. Hii itabaki ilivyo."

"Mama, mimi hii ndefu nitaivaa na miguu ya nani?"

"Hilo sasa ni suala lako."

Fundi Bomba alitoka akinung'unika. Siku iliyofuata alirudi akachukua suruali mbili, moja ya kutoshea na moja ya kujikwalia, na habari ikazagaa mtaani kwamba mjane wa fundi cherehani amepata maradhi ya kompyuta.

Siku ya sita walifika kwenye kuhesabu. Binti alieleza kwamba kwa namna hii hakuna kuzunguka na sanduku ukiongeza moja, moja, moja. Kazi inajiita yenyewe.

"Inajiita yenyewe? Kama kichaa?"

"Kama foleni, Shangazi. Unamwuliza wa mbele: nyuma yako wako wangapi? Hajui. Naye anamwuliza aliye nyuma yake swali hilo hilo, na huyo anamwuliza wa nyuma yake. Wa mwisho hana mtu, anajibu sifuri. Jibu linarudi mbele, kila mmoja akiongeza moja ya aliye nyuma yake, nawe mwisho unaongeza moja ya huyo wa mbele."

Siku iliyofuata binti alikuwa na usaili wa karatasi chuoni, na Shangazi akaamua kufanya mazoezi kwa wateja. Walikuwepo wanne wamesimama, wa mwisho akiwa Fundi Bomba. Swali lilipita vizuri hadi lilipomfikia.

"Wewe sema sifuri," Shangazi alimwelekeza.

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe wa mwisho."

"Mimi, na familia, na vyoo vyote nilivyozibua mtaa huu, nisimame mbele za watu niseme sifuri?"

"Siyo wewe sifuri! Nyuma yako ndiko sifuri!"

"Nyuma yangu kuna ukuta. Ukuta si sifuri."

Waliokuwa mbele walikuwa wameshageuka wote kumwangalia. "Sema tu, bwana, twende nyumbani," mmoja alimwambia. Fundi Bomba alikunja mikono kifuani. Mteja ni mteja. Shangazi aliufikiria moyo wa mwanaume huyo, akafikiria na suruali yake ndefu, akaona amemtesa vya kutosha.

"Haya, tubadilishe swali. Kuanzia wewe mwenyewe kwenda nyuma, mko wangapi?"

"Moja!" Fundi Bomba alitamka, kifua mbele.

Jibu lilifika mbele likiwa nne. Watu walikuwa wanne kweli. Shangazi aliandika kwenye programu: mtu wa mwisho anasema moja. Binti aliporudi aliona namba sahihi, akamrukia shingoni, na kwa furaha hiyo hakuusoma ule mstari.

Siku ya kumi walikusanyika katika chumba cha chuo chenye viti vya plastiki. Mkuu wa chuo alikuwa mtu mkubwa mwenye tai fupi. Alipanga watu watano mmoja nyuma ya mwenzake: wapishi wawili, mlinzi, karani, na mwisho kabisa yeye mwenyewe, ili awaone wote.

Kinyozi alitangulia. Programu yake ilikuwa na sanduku moja, ikapita kwenye orodha ikiongeza, ikatoa tano. Sanduku, mwalimu wake, alipiga makofi peke yake.

"Rudia," Mkuu alisema.

Kinyozi alibonyeza tena. Kumi.

"Hawa watano wengine wametokea wapi?" Mkuu aliuliza, na mlinzi, ambaye kazi yake aliichukulia kwa uzito, akainama kuchungulia chini ya viti.

"Ni sanduku tu, halikumwagwa!" Sanduku alisema, jasho likimtoka. "Lilikuwa na tano za mwanzo!" Walilimwaga, ikawa tano.

Zamu ya Shangazi ilifika. Alibonyeza: tano. Alirudia mara tatu bila kuambiwa: tano, tano, tano. Kisha akaeleza kwa kuwapitisha watu wenyewe. Swali lilienda nyuma hadi kwa Mkuu, naye akasema "Moja!" kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwa wa kwanza, na jibu likarudi mbele likinenepa njiani. Binti alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Sanduku akasimama.

"Naomba watu wote watoke nje," alisema. "Ahesabu chumba kitupu."

Walitoka. Shangazi aliingiza orodha isiyo na mtu, akabonyeza. Kompyuta ilijaa maandishi mekundu ya kosa.

"Mmeona?" Sanduku aliwaambia waliochungulia mlangoni. "Mtu wa mwisho anasema moja. Na kama hakuna mtu, nani atasema?"

Binti alisoma ule mstari kwa mara ya kwanza. Alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na Shangazi akajua kwamba huko gizani, nyuma ya vile viganja, anawaona kuku.

Shangazi mwenyewe lakini alikuwa ameinamisha kichwa upande. Kama hakuna mtu, nani atasema? Alimfahamu mmoja. Alimfahamu mmoja tu.

Alivuta kiti kitupu kutoka ukutani, akakiweka mwisho wa foleni, nyuma ya kiti cha Mkuu.

"Rudini mkae," aliwaambia. "Mkuu, safari hii wewe huna jibu lako la pekee. Nawe geuka umwulize wa nyuma yako."

Mkuu aligeuka na mwili wake wote, akakitazama kile kiti kwa adabu. "Kuanzia wewe kwenda nyuma," alikiuliza, "mko wangapi?"

Shangazi alijaza kifua hewa, akateremsha sauti hadi chini kabisa.

"Hakuna mtu!"

Mpishi mmoja alicheka mpaka akashika mgongo wa mwenzake.

"Yaani sifuri," Shangazi aliongeza kwa sauti yake ya kawaida.

"Basi mimi moja," Mkuu alisema, akiwa amefurahi kupita kiasi. "Karani?" "Mbili." "Tatu." "Nne." "Tano!"

"Kiti hakiongei," Sanduku alilalamika.

"Kinaongea. Nimekaa na kimoja mwaka mzima, nakijua kinavyosema."

Aliufuta ule mstari wa mtu wa mwisho, akauweka mwingine mahali pake kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi: hesabu ya orodha tupu ni sifuri. Akabonyeza kwa watu watano: tano. Akabonyeza kwa chumba kitupu: sifuri, bila wekundu wowote. Binti alitoa viganja usoni.

Mkuu alinyoosha tai yake, ikabaki fupi vile vile. "Binti," alisema, "kazi umepata."

"Ipi?" Shangazi aliwahi. "Hii ya cherehani yenye adabu, au ile ya mshahara?"

"Ya mshahara, mama."

"Andika kwenye karatasi. Na ukishaandika usibadilishe."

Wiki iliyofuata Fundi Bomba alikuja dukani na koti. Alipiga hodi, na Shangazi, pini mdomoni, akaitikia kwa sauti nzito, "Hakuna mtu!" Fundi Bomba alisimama kizingitini, akacheka, akajipangusa macho kwa mkono wa lile koti.

Duka lilikuwa limejaa. Fundi Bomba alikuwa amesimama tangu alfajiri akizibua choo cha watu, miguu inamwaka moto, akajisogeza taratibu kuelekea kwenye stuli.

"We! Usikae hapo."

"Dakika moja tu, mama. Hakuna mtu."

"Ndiyo hivyo, hakuna mtu," Shangazi alisema. "Ukikaa wewe, hesabu itaishia wapi?"

Akainuka, akampa kiti chake mwenyewe, akalichukua lile koti, akaanza kulipinda akiwa amesimama.