Mtani wa Padri Anselmi

Siku ya kumzika Padri Anselmi nilivaa kanzu yake ya kazi, ile nyeupe yenye doa la mchuzi kifuani ambalo hata jiki ilisalimu amri, nikaingia kwenye gari la maiti kabla yake.

Ngoja nieleze, msije mkadhani nimechanganyikiwa. Mimi ni Zulekha Anselmi. Nilitupwa nikiwa kichanga pale sokoni Kariakoo, katikati ya matenga ya nyanya. Mama muuza nyanya aliyeniokota alinipa jina la marehemu mama yake, kisha akanipeleka kwa padri, maana kwake watoto walikuwa wamejaa mpaka uvunguni. Padri hakunibatiza wala hakunibadilisha jina. Aliniongezea lake tu, na jioni akawa ananipeleka kwa jirani yetu Bi Sitara nikasome Kurani. Watu walipomuuliza padri gani huyu analea Waislamu, aliwajibu, "Alipolia kwenye tenga hakulia kikatoliki."

Nyumba yetu iko uchochoroni, bati limeliwa na kutu, maghorofa yameibana kila upande kama abiria wasio na nauli. Waliookotwa, waliosahauliwa stendi kwa makusudi, wote humo. Mdogo wetu kabisa ni Hajira, aliyekutwa amelala juu ya belo la mitumba Mchikichini.

Sasa huo utani. Nikiwa darasa la kwanza, mwalimu alitaka kila mtu ataje kabila lake. Nilirudi nyumbani nalia. Padri, Mngoni wa Songea, alicheka mpaka akakohoa.

"Kabila la nini? Wewe ni mtani wa Wangoni. Kabila litafuata baadaye."

Basi ikawa ruksa. Nikamwambia Wangoni ni wakimbizi tu, walimkimbia Shaka wakaja kuishiwa pumzi Songea. Yeye akaniita nyanya iliyopondeka. Tuliendelea hivyo miaka yote, mpaka kitandani alipougulia.

Na kwa Wangoni mtani hana likizo. Ukifa ndipo anapoanza kazi hasa: anavaa nguo zako, anaigiza mwendo wako, anazuia jeneza mpaka aridhishwe. Ukimkasirikia, aibu ni yako.

Padri hajapoa vizuri, akaja Mzee Leodegar, mwenyekiti wa kamati ya majengo ya parokia. Anataka kubomoa ajenge fremu za maduka pale, anaziota. Akatutangazia: jeneza likitoka, mlango unafungwa, watoto wanagawanywa kwenye vituo, wengine mikoani huko. Siku ya mazishi alikuja na kufuli jipya mfukoni, zito, limelivuta koti lake upande mmoja. Mabegi ya shangazi kaja yakapangwa barazani. Hajira akakalia lake, ananiuliza, "Dada Zule, mimi naenda na nani?"

Nikaingia chumbani kwa padri. Nikaivaa kanzu.

Wakati wa kuaga, Mzee Leodegar alilia kwa kitambaa. "Tumempoteza mtakatifu!"

Mtakatifu! Mimi nimemwona mtakatifu huyo akiiba karata, na redio ya mpira ameificha chini ya vitabu vya misa. Lakini nilielewa hesabu ya mzee. Mtakatifu unamtundika ukutani, unamwashia mshumaa, halafu unawatoa watoto wake nje bila mtu kuuliza.

Jeneza likaletwa. Haruna dereva akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaruka.

"Mama yangu!"

Nilikuwa nimelala chali, mikono kifuani, ndala za padri miguuni. Nikakohoa kikohozi chake. "Haruna mwanangu, funga mlango, joto."

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Wabebaji wakalishusha jeneza kwenye stuli. Mzee Leodegar akapenya, amevimba.

"Wewe binti! Huna adabu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba... Toka humo!"

"Sitoki. Mtani sijaridhishwa."

Akavuta noti kwa haraka, kama mtu anayefukuza inzi. Nikaipokea, nikajipepea nayo, nikampa Hajira, nikalala tena.

"Unataka nini?"

"Hilo linalokuinamisha upande, mzee."

Akalishika koti lake. Hapo ndipo alipochukia kweli. Akanigeukia, akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mtani kivipi? Kwani wewe kabila gani?"

Ningesema haikuniuma ningekuwa nadanganya. Ilinipata palepale pa darasa la kwanza.

"Nitafutie, mzee," nikasema. "Ukilipata nijulishe, na mimi nalitafuta."

Bibi Scholastika, dada yake padri aliyetoka Songea, akajiinua kwenye mkeka. Mfupi, lakini njia ilimpisha.

"Huyu ni mtani wa kaka yangu. Alimtambulisha kwangu mwenyewe, na mimi huyu mtoto ameshanitukana mara nyingi kwa simu." Akamtazama mwenyekiti. "Kwetu maiti haiondoki mtani akiwa amenuna. Tutakaa. Mie nimekuja na shuka langu."

Akarudi mkekani. Wabebaji nao wakachuchumaa. Bi Sitara akaagiza chai ipikwe.

Jua likaanza kumlamba Mzee Leodegar upara. Padri wa misa akapiga simu, anauliza mko wapi. Mzee akatazama huku, akatazama kule, hakuna aliyemtazama kwa huruma. Akachomoa kufuli, akaliweka juu ya jeneza.

"Na funguo," nikasema kwa sauti ya padri.

Akaweka.

"Na useme, marehemu asikie."

"Watoto... hawaondoki."

"Padri alikuwa kiziwi sikio la kushoto."

"Watoto hawaondoki!"

Nikatoka, nikawapisha Wangoni na ndugu yao. Makaburini Bibi Scholastika alimpa mzee lile kufuli alitupe mwenyewe. Likagonga mbao, udongo ukafuata. Mimi nilibaki na ndala.

Tuliporudi, mlango ulikuwa wazi vilevile, na Hajira akalivuta begi lake ndani bila kumuuliza mtu.

Najua, Mzee Leodegar anaweza kununua jingine. Kariakoo makufuli yamejaa. Anunue. Ila na yeye ipo siku atapakiwa kwenye gari la Haruna, na Jumapili nilimfuata nje ya kanisa nikamwambia kwa heshima zote:

"Shikamoo, mzee. Kuanzia sasa, mimi ni mtani wako pia."