Chui wa Korongo la Ngusa

Chui jike alipita mbele ya kamera, nyuma yake watoto wawili, mmoja akiuma mkia wa mwenzake. Msimu mzima wa kutega kamera kwenye mashamba na malisho ya kijiji kimoja cha Bunda, hakuna mwenye ardhi aliyepata chui isipokuwa Ngusa, mfugaji. Gloria, mtaalamu wa wanyamapori, alizifungua picha kwenye kompyuta ya mradi, ofisini Nyasho, na kilichomsimamisha hakikuwa chui. Kilikuwa jiwe.

Lilikuwa jeupe, lenye ufa katikati, kubwa kama trekta. Kamera ya Ngusa ilifungwa kwenye mgunga, ukingoni mwa korongo lake, na Gloria mwenyewe ndiye aliyeifunga. Korongo lile lina udongo mwekundu na mchanga. Hata jiwe la kukalia kuku halina. Picha za kabla ya chui zilionyesha udongo mwekundu. Za baada yake pia. Katikati, jiwe.

Angeweza kuacha swali hilo lisubiri, kama kijiji kisingekuwa kinakamilisha mpango wa matumizi ya ardhi. Wanakijiji walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba korongo lolote ambamo chui analea watoto litafungwa kwa mifugo. Korongo la Ngusa ndilo linalobakiwa na maji kiangazi. Likifungwa, ng'ombe wake wangeswagwa hadi ziwani, kupitia mashamba ya pamba ya watu.

Alimkuta Ngusa akiziba zizi kwa miiba.

"Baba Dotto, jiwe hili liko wapi?"

Ngusa aliitazama simu ya Gloria, akairudisha. "Ni kwangu."

"Kwako wapi?"

"Korongo ni refu, madam. Hujalimaliza."

"Kamera niliifunga mimi, haikuwa na miguu."

"Upepo wa huku unaigeuzaga."

"Ukaigeuza, ukaleta na jiwe?"

"Upepo wa huku una nguvu," Ngusa alisema, akaendelea kupanga miiba.

Walilitembea korongo kutoka juu hadi linapokwisha kwenye majaruba ya mpunga. Hapakuwa na jiwe. Gloria akamwonyesha picha nyingine ya pale penye jiwe, ya mbuzi waliokatwa ncha ya sikio la kushoto. Mbuzi wa Ngusa hutobolewa tundu sikio la kulia, na wawili wao walikuwa wamesimama pale pale wakiwatazama.

"Mbuzi wanazurura," Ngusa alisema.

Gloria alikuwa amezoea watu wanaoficha wanyama ili wasipoteze ardhi. Huyu alikuwa anadai mnyama asiye wake ili apoteze maji. Alijaribu kufikiria faida yoyote ambayo mtu angeipata hapo, hakuiona.

"Nisikilize vizuri," alimwambia. "Ukisema ni kwako, korongo linafungwa. Ukisema hujui picha zilipigwa wapi, naziondoa, na hakuna atakayekuuliza tena."

"Andika ni kwangu."

Mkutano wa kijiji ulifanyika kwenye ghala la pamba. Mbele, kwenye benchi la wageni, alikaa Mzee Enoka, baba yake Yunis, mke wa Ngusa. Alikuwa ametoka kijijini kwake, upande wa Butiama, kumsalimia binti yake, akaona afuatane nao. Ngusa alikaa mbali naye, karibu na mlango, kama afanyavyo kila baba mkwe wake anapokuwepo.

"Mtaalamu anasema picha zina mashaka," alisema Lukas, mwenyekiti wa kijiji. "Mwenye korongo anasema hazina. Ngusa, chui ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi awe anamchunga na ng'ombe," sauti ilitoka nyuma, na watu wakacheka.

Kompyuta ilipitishwa mkono kwa mkono. Mzee Enoka aliitazama kwa muda mrefu kuliko wote, akampa jirani yake. Ilipomfikia Yunis, alisimama.

"Baba, hawa si mbuzi wako?"

"Mama Dotto, kaa chini," Ngusa alisema.

"Sikai. Mimi ndiye nitakayetukanwa na wenye pamba." Alimgeukia mwenyekiti. "Mbuzi wa baba walikuwa wanaliwa, hajui na nini. Akasikia mkwe wake ana kitu kinachoona usiku. Akiomba jembe anapewa. Akiomba dume la mbegu anapewa. Akaomba hicho, akapewa."

Mzee Enoka alikohoa.

"Niliazima, nikarudisha," alisema. "Sikujua kinarudi na korongo langu ndani."

Gloria alisimama haraka. Alieleza kwamba mpango ule ni wa kijiji hiki peke yake, hauvuki kwenda Butiama, na hakuna mtu ghalani pale mwenye uwezo wa kufunga korongo la mzee. Picha zingeondolewa kwenye hesabu. Korongo la Ngusa lingebaki wazi. Kisha akamuuliza Ngusa, "Uliogopa litafungwa la mzee?"

"Sikuwaza litafungwa la nani," Ngusa alisema, macho chini. "Ningesema sijui, mngemtafuta mwenye mbuzi. Ningemtajaje mkwe mbele za watu?"

Mzee Enoka aliondoka kabla ya chakula.

Kiangazi Gloria alirudi kufungua kamera. Korongo lilikuwa na maji. Ukingoni palikuwa na nyayo za ndege na za nyani, kwato hazikuwepo. Alimkuta Ngusa barabarani, nyuma ya ng'ombe waliokonda, akiwaswaga kuelekea ziwani kwa njia ndefu inayozunguka pamba.

"Korongo halijafungwa," Gloria alisema.

"Najua."

"Na maji yapo."

"Yapo."

"Sasa huku unafuata nini?"

Ngusa alisimama, ng'ombe wakaendelea. "Maji yale nimeyapata kwa mzee kuulizwa mbele za watu, tena na binti yake. Hajakanyaga kwangu tangu siku ile. Akija na mbuzi wake wakanywa pale, na mimi nitanywesha."

"Umemwambia hivyo?"

"Namwambiaje mkwe kitu kama hicho?"

"Mama Dotto je? Anaweza kumwambia."

"Nimemwomba asiseme tena."

"Na mzee asipokuja?"

Ngusa aliwapigia mluzi ng'ombe wa mbele, waliokuwa wameanza kunusa shamba la mtu. "Ziwa si lipo, madam?" alisema, akawafuata.