Wimbo wa Maneno Madogo

Kijana aliyeitwa Kompyuta alikuwa amejibanza kwenye kona ya studio, akijaribu injini ya kutafutia nyimbo aliyoitengenezea redio. Jina hilo alibandikwa na mama yake mdogo, mtangazaji wa kipindi cha salamu, ambaye ndiye aliyempigia debe mpaka akapewa kazi. Na kazi yenyewe ilikuwa kuielekeza mashine kila kitu ni cha aina gani. Mwaka ni namba, nyimbo zipangike kwa umri. Jina la mwimbaji libaki zima, lisikatwekatwe. Jina la wimbo livunjwe neno moja moja, ili hata anayekumbuka nusu tu apate. Na kwa kuwa vineno kama "na", "ya" na "ni" vimejaa kila mahali kama mchanga, aliiamuru mashine ivitupe.

Simu ya studio ikaita.

"Nani mwenzetu hewani?" aliuliza mama mdogo kwa sauti yake ya asali.

"Ni mumeo."

Mama mdogo akamkodolea macho Kompyuta. Asubuhi ile mumewe alikuwa ameucheka msuko wake mpya, akaufananisha na kichuguu, naye mama mdogo akatoka nyumbani bila kuaga.

"Ehe, baba watoto. Una lipi la kusema mbele ya kadamnasi?"

"Nasema nilikosea, msuko umekupendeza. Naomba unipigie 'Kama Si Wewe Ni Nani', ule tuliofungulia dansi siku ya harusi yetu."

Mama mdogo akaandika jina la wimbo, akabonyeza. Patupu. Akaandika tena, safari hii polepole. Patupu vilevile.

"Wimbo wako haupo, mume wangu. Labda umechanganya na harusi nyingine."

"Harusi nyingine ipi tena, jamani! Mke nimeoa mmoja, na huyo mmoja ananitosha!"

Mama mdogo alicheka mpaka akalazimika kuweka wimbo mwingine haraka. Akavua visikilizio masikioni.

"We Kompyuta! Mwanaume kaomba msamaha redioni, chombo chako kinaniambia wimbo hakuna! Santuri yake niliishika kwa mikono yangu."

"Ngoja nione, mama."

Aliona upesi. Kama, si, wewe, ni, nani: yote yalikuwa kwenye orodha ya maneno ya kutupwa. Mashine ilikuwa imeutafuna wimbo mzima bila kubakiza hata mfupa. Kompyuta akaangua kicheko.

"Unacheka nini?"

"Wimbo wenu hauna neno hata moja kubwa, mama."

"Mapenzi yanahitaji maneno makubwa ya nini? Tengeneza, mwanangu, baba yako mdogo anasubiri."

Kuyarudisha tu yale maneno kusingefaa, maana "wewe" peke yake lingezoa nusu ya nyimbo za mapenzi duniani. Kwa hiyo akalipatia jina la wimbo makazi mawili: katika moja linavunjwa kama mwanzo, katika jingine linabaki zima, herufi kubwa na ndogo zikihesabiwa sawa. Akaiagiza injini ianze kutazama lile zima. Kisha ikabidi nyimbo zote ziingizwe upya, na mama mdogo akazivuta salamu kama mpira, akiwasalimu hadi majirani wa majirani wa wasikilizaji.

"Jaribu sasa," Kompyuta alinong'ona.

Wimbo ukatokea wa kwanza kabisa, juu, peke yake.

Mama mdogo akasogelea maikrofoni. "Baba watoto, umepatikana. Ongeza sauti hapo ulipo." Gita likaanza, tamu, lenye mikwaruzo ya kale. Alifunga swichi ya maikrofoni, akainuka, akamvuta Kompyuta kutoka kwenye kona yake, wakacheza kati ya meza na ukuta, wakipigana vikumbo na viti. Nje ya kioo fundi mitambo aliwatazama, akatikisa kichwa, kisha naye akaanza kuyumbisha mabega.