Hakuuza, Aliuzisha

Mimi si mtu wa kusamehe haraka, na anayetaka kunifundisha aanze na watoto wake. Mardochée alipoapa mbele ya wazee wa kanisa letu, hapa Rumonge, kwamba hahusiki na janti zangu, sikulia wala sikupiga kelele. Nilimtazama tu, nikasema moyoni: baba, maneno haya utayatapika mbele ya watu hawa hawa, tena ukiwa umefunga tai.

Kule Ulyankulu, Tanzania, wazazi wetu walikokimbilia nami nikazaliwa, janti, hizi duara za chuma zinazovikwa matairi, tuliziita rimu. Tuliporudi Burundi tukakuta wenyeji wanasema janti, nasi tukafuata. Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Mume wangu alikataa kurudi, akabaki huko na mwanamke wa Tabora. Mimi nikarudi na gari jeupe, na ukiniuliza nani alipata hasara, mimi siyo.

Kazi yangu ni kubeba mabibi harusi, kuanzia Magara mpaka Nyanza-Lac. Bibi harusi haangalii injini. Anaangalia kama gari linang'aa, kwa sababu mashangazi wa upande wa pili watakuwa wamesimama mlangoni kukagua kila kitu. Ndiyo maana nilikwenda dukani kwa Mardochée, karibu na soko, kutafuta janti za kromu.

Mardochée ni mtu wa Uvira, amekaa nasi miaka mingi, anauza vipuli na anaimba kwaya. Humwita pia Baba Bora, kwa jina la mtoto wake. Ana tabasamu pana. Aliniletea janti nne zimefungwa kwenye nailoni, akapangusa moja kwa shati lake mwenyewe, nikaiona sura yangu humo na meno yote.

"Mama Jovita, hii ni kromu ya Dubai," alisema. "Nakuuzia wewe kwa sababu tunasali pamoja. Utaziachia wajukuu."

Tafadhali sikia neno hilo: nakuuzia. Alisema Kiswahili chetu sisi tuliotoka Tanzania, kimenyooka, hakina kasoro hata moja.

Mvua za kwanza zilipopita, janti zikaanza kuota vipele. Baadaye vipele vikapasuka, kromu ikabanduka vipande vipande, vikali kama wembe. Nilijikata kidole nikiziosha. Chini ya ule mng'ao palikuwa na chuma cha kijivu kilichokuwa kinaoza taratibu. Nilizifunika kwa riboni za harusi, nikajipa moyo kwamba ni uso tu ulioharibika.

Haukuwa uso tu. Siku niliyompeleka Elda, binti wa jirani yangu Kankindi, kuolewa Magara, tairi la mbele lilikwisha upepo barabarani. Kromu ilikuwa imebanduka hata kwa ndani, pale mdomo wa tairi unapokalia janti, na hewa ikapata njia. Nikafunga tairi la akiba. Hatukufika mbali, la nyuma nalo likalala. Barabara ilikuwa imechimbwachimbwa, tope limejaa, na hakuna gari lililokuwa tayari kusimama, maana kila mtu alikuwa anakimbilia foleni ya mafuta. Elda alishika gauni lake kwa mikono miwili akatembea. Alipofika kanisani, yale mashangazi hayakucheka. Yalikagua tope la gauni kutoka chini mpaka juu, na hilo ni baya zaidi.

Tangu siku hiyo nikaitwa Mama Magamba, kwa sababu magurudumu yangu yanabanduka kama samaki anayeparuliwa. Waliokuwa wamenikodi kwa harusi zao wakatuma salamu kwamba wamepata gari la mjomba. Sijui wajomba wote hao walitoka wapi.

Nilimfuata Mardochée dukani, akaniambia hazitambui janti hizo. Nikampeleka kwa wazee wa kanisa. Mkubwa wao ni Mzee Anselmo, mwalimu mstaafu, aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi, na anajivunia Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Akamtaka Mardochée aape. Mardochée akaweka mkono juu ya Biblia.

"Mbele ya Mungu," alisema, "miye sikuuza janti kwa huyu mama."

"Ameapa," alisema Mzee Anselmo. "Neno limekwisha."

Kwangu mimi lilikuwa ndiyo kwanza limeanza, kwa sababu wazee waliamua kwamba nimemsingizia ndugu. Jumapili iliyofuata nilisimamishwa mbele ya kanisa zima nikamwomba radhi. Mardochée alinishika mkono, akanisamehe kwa sauti ya kwaya. Kazi ilikuwa imekwenda, sasa na jina limekwenda. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: mtu yule aseme kwa kinywa chake, mbele ya kanisa lile lile, kwamba yeye ndiye aliyeniuzia.

Aliyenifungua macho ni Marguerite, mwanamke wa Fizi anayeuza samaki karibu na kwangu. Nilikuwa namsimulia kiapo kile kwa mara ya sijui ngapi, yeye anapanga samaki wake. Akaacha kupanga.

"Alisema hivyo hivyo? Sikuuza?" aliuliza.

"Hivyo hivyo."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Yaya, dada yangu, huyo baba hakusema bongo, hakudanganya. Kwetu Kongo kuuza ni kutoa pesa, unabeba kitu. Anayepokea pesa, yeye anauzisha. Weye njo uliuza, ulitoa pesa. Yeye aliuzisha."

Nilihisi damu inanipanda masikioni. Mardochée, anayejua kuniambia nakuuzia akiwa dukani, alipofika kwenye Biblia alikumbuka ghafla lugha ya mama yake. Aliapa kwamba hakununua janti kutoka kwangu. Ni kweli, hakununua. Na Mzee Anselmo, na pasi yake yote, alisikia Kiswahili cha Tanzania peke yake, kwa sababu hajui kwamba kuna kingine.

Sikwenda kumweleza mtu. Ningesema hivyo wangesema mwanamke huyu sasa anagombana na kamusi. Nilifanya kazi nyingine. Janti mbili zilikuwa bado nzima kwa nje, ingawa kwa ndani zilikuwa zimeoza kama zile nyingine. Nikazihamishia zote mbili upande wa kulia, zile zilizobanduka nikazipeleka kushoto. Za kulia nikazisugua, nikazipaka mafuta ya mise, yaani mawese, zikawaka. Kisha nikampigia simu Karimu, dereva mwenzangu wa Nyanza-Lac. Karimu ameendesha malori mpaka masikio yamechoka, akiongea husikika ng'ambo ya ziwa. Nilimwomba jambo moja, naye alikubali kwa furaha ambayo Mungu atamuuliza.

Jumapili nilijaza matairi upepo, nikaegesha gari ubavuni mwa kanisa, upande wa kushoto ukiugusa ukuta, upande wa kulia ukiwatazama watu. Ibada ilipokwisha, waumini wakamiminika uani. Karimu alikuwa ameinama kwenye magurudumu yangu.

"Janti za namna hii nazitaka kwa magari yote ya bosi wangu," alitangaza. "Naambiwa aliyeziuza anaitwa Roger. Nielekezeni kwa Roger."

Roger ana duka la vipuli linalotazamana na la Mardochée, na wawili hao hawajasalimiana tangu lilipofunguliwa. Nilikuwa nimesimama karibu na wamama, najipepea kwa kitambaa. Nilimwona Mardochée anazitazama zile janti, ananitazama mimi, anazitazama tena. Alidhani nimezitengeneza. Kwa kweli nilimwona akijaribu kujizuia, maskini. Lakini bosi mwenye magari mengi alikuwa anaelekea kwa Roger.

Akamsogelea Karimu, akanong'ona.

"Sikusikii, ndugu," alisema Karimu. "Unasema wewe ndiye uliyeuza?"

"Niliuzisha," alisema Mardochée, sasa kwa sauti. "Ni miye njo nilimuuzisha huyu mama. Roger hajue hata kromu ni nini. Hizi ni za nguvu, hazibanduke."

Ua lote likageuka kumtazama. Mzee Anselmo alikuwa ngazini na Biblia kwapani. Akashuka.

"Uliapa hukuuza," alisema.

"Mzee, sikuapa bongo. Nilisema sikuuza. Niliuzisha. Uliza Wakongomani wote hapa."

Wakongomani wote walitazama viatu vyao. Marguerite peke yake ndiye aliyejibu, "Ni kweli, Mzee, ni vile tunasema." Halafu akaongeza, "Lakini yeye alijua vile nyiye munasikia."

Mzee Anselmo alikuwa na uso wa mtu aliyekanyagwa kidole. Alimuuliza Mardochée kama alijua. Mardochée akashika tai yake, akaanza kuinyoosha. Nami sikusubiri aupate ulimi wake mwingine. Niliwasha gari, nikalisogeza, nikaligeuza watu waone upande wa kushoto. Kromu ilikuwa inaning'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kankindi, mama yake Elda, alipita akaigusa kwa kidole, akamtazama Mardochée kuanzia viatu mpaka tai.

"Tumrudishie mama haki yake," alisema Mzee Anselmo. "Mama Jovita, unataka nini?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo tangu siku ile ya Marguerite. Gari la Mardochée ni la aina moja na langu, mashimo ya bolti ni yale yale. Na gari hilo, nendeni mkalitazame, halina kromu hata ya kutengenezea pete. Linakaa juu ya janti zilizotoka nalo kiwandani, nyeusi, mbaya, imara.

"Sitaki pesa," nilisema. "Baba Bora ametuambia sasa hivi kwamba hizi ni za nguvu. Azichukue yeye. Anipe za kwake."

Angekataa, angekuwa amesema ni takataka. Hakukataa. Alivua koti, akaleta jeki, akapiga magoti uani na suruali yake ya Jumapili, na kanisa zima likamtazama akifungua bolti. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Nilikaa juu ya benchi iliyotolewa nje, nikatazama kila gurudumu likitoka na kila gurudumu likiingia, na nilifurahi. Ilikuwa furaha chafu, naijua, na niliimeza yote.

Alipomaliza, gari lake lilisimama juu ya janti zangu. Akajifuta mikono, akamfungulia mlango mke wake Chanceline, aliyekuwa anasubiri na watoto pembeni. Chanceline ndiye anayekaa dukani yeye akiwa safarini. Hakusogea.

"Panda, twende," alisema Mardochée.

"Miye na batoto hatupande," alisema Chanceline, polepole, na kila mtu alimsikia. "Nilikuwa mu duka siku janti zilifika. Weye mwenyewe uliniambia niziuzishe mbio, mbele zipasuke, batu basione."

Akamshika Bora mkono, akampachika mdogo mgongoni, akatoka getini kuelekea barabara ya ziwa. Watu wakampisha. Mardochée alibaki na mlango wazi. Nilingoja nione kama ataingia yeye peke yake, awashe, aondoke juu ya kromu yake ya nguvu. Aliutazama ufunguo, akafunga mlango, akawafuata kwa miguu.