Jumamosi ya Pili ya Septemba

Godlisten ni mwanaume mwema, ila mkono wake ni mwepesi mno kwenye simu. Ijumaa jioni, dada zake walipomaliza kutengeneza kadi ya kuwaomba watu wahifadhi tarehe ya harusi, hakungoja hata chai ipoe. Akairusha kwenye grupu la ndugu wa pande zote mbili: Jumamosi ya pili ya Septemba. Nia haikuwa mbaya. Ndugu zake wametapakaa kuanzia Moshi hadi Mbeya, na mtu wa kuomba likizo lazima ajue mapema.

Mchumba wake, Irene, aliiona kadi akiwa jikoni kwake Kihonda. Mjomba Lukasi alikuwa bado hajaambiwa.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama yake Irene alishatangulia mbele ya haki. Aliyebaki na neno ni mjomba. Mpango ulikuwa Pasaka wapande kwake milimani Matombo na wazee wa Godlisten, wapige magoti, waombe siku. Dada yake Irene, Lucy, alipoolewa aligawa kadi kwanza, akaenda kuomba baadaye. Mjomba hakugomba. Siku ya harusi alikwenda zake shambani, kiti chake kikabaki wazi mbele ya wakwe. Mpaka leo Lucy akimwamkia, mzee hutazama pembeni.

Na wa kwanza kupongeza kwenye grupu alikuwa Jastin, mtoto wa mjomba, anayeishi naye nyumba moja. "Hongera dada! Tupo!" Irene alitamani amzibe mdomo.

Asubuhi alipanda milima kwa pikipiki, matope yakimrukia hadi magotini. Njia nzima aliomba Jastin awe amesahau, awe amelala, simu yake iwe imeisha chaji.

Mjomba alikuwa barazani akikwangua magome ya mdalasini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Kisu kiliendelea na kazi yake, na Irene hakuthubutu kukaa.

"Jastin kanisomea," mzee akasema hatimaye. "Kadi nzuri. Ina maua."

"Mjomba, ile kadi..."

"Ila siku hiyo nina shughuli."

"Shughuli gani, mjomba?"

"Sijaijua bado. Nimeiwekea tarehe tu, watu wasije wakanipangia mengine."

Irene alikiona kile kiti kitupu cha harusi ya Lucy, safari hii ukumbini kwake, na wakwe wakinong'onezana. Angeweza kumtaja Godlisten, na ingekuwa kweli, lakini angekuwa amemharibia mwenzake katika nyumba hii maisha yake yote. Akaitoa simu. Akaandika: "Ndugu zangu, naomba radhi. Ile tarehe ifutwe. Hatujaiomba kwa mwenye kuitoa."

Alijua kule Moshi wataisomaje. Watasema bibi harusi amegeuka. Huenda na Godlisten naye akaamini hivyo. Aliogopa, tena aliogopa sana, akatuma hivyo hivyo. Kisha akapiga magoti palepale kwenye tope la uani.

"Nimeifuta mbele ya wote, mjomba. Sina siku. Naomba utupe siku."

Kisu kikasimama. Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Lucy alikuja kunipa taarifa," alisema taratibu. "Kana kwamba mimi ni jirani."

Irene alibaki amepiga magoti.

"Mje Pasaka na watu wake. Siku nitaitaja wakiwa wameketi hapa." Akakwangua gome kidogo, akaacha tena. "Ile ya kwenye kadi ilikuwa Jumamosi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Septemba barabara inakuwa imekauka. Wageni wetu watapita vizuri."

Simu ikaanza kuita mkononi mwa Irene. Godlisten. Ikakatika, ikaita tena, na safari hii lilikuwa jina la mama mkwe mtarajiwa. Irene aliitazama asiweze kuigusa.

Mjomba akaweka kisu chini, akajifuta viganja kwenye suruali, akanyoosha mkono.

"Lete hapa," alisema. "Anayetaka kugomba na mwanangu, aanze na mimi."