Firigisi ya Cleophas

Miaka miwili baada ya bendera mpya kupandishwa, Cleophas alikuwa bado hajala kwa wakwe zake. Si kwamba walikaa mbali. Kutoka nyumba yake karibu na ofisi za mkoa, Kakamega, hadi boma la baba mkwe wake, mzee Mukhwana, huko Lubao ni mwendo wa baiskeli, na baiskeli alikuwa nayo. Kilichomzuia ni firigisi ya kuku, imondo kwa lugha ya kwao.

Asiyejua mila za kwetu atacheka, na acheke tu. Mkwe akija rasmi huchinjiwa kuku, na kuku huyo huletwa mezani na firigisi yake juu, kwa sababu firigisi ndiyo heshima yenyewe. Ukiletewa kuku bila firigisi, umeambiwa bila maneno kwamba wewe si mtu. Siku Cleophas alipopeleka ng'ombe wa mwisho wa mahari, amevaa tai kwa mara ya kwanza maishani, alifunua bakuli mbele ya wazee wa ukoo. Akapekua mapaja, akapekua mabawa, akapekua hata mchuzi. Haikuwemo. Chrispinus, kaka yake bibi arusi, alikuwa amesimama mlangoni akifuta midomo. Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Cleophas akaapa palepale kwamba chakula cha boma lile hakitapita kamwe kooni mwake. Mke akapewa, lakini aliondoka na njaa.

Tangu hapo Ayuma alikuwa akienda kwao peke yake, mtoto wao Jescah mgongoni, na kurudi kimya. Ukimya huo ulimuuma Cleophas kuliko matusi. Lakini mwanamume na kiapo chake, utawatenganisha kwa kitu gani?

Kazini, Cleophas alikuwa karani wa gari la sinema la serikali, lile lililozunguka kutoka Navakholo hadi Lugari likitundika shuka jeupe sokoni na kuwaonyesha watu filamu. Ofisi ya Nairobi ilipotangaza kwamba inatafuta hadithi kutoka mikoani, za kupigwa filamu ya dakika ishirini, alijua papo hapo ataandika nini. Ataandika kisasi. Aliwahi kuona soko zima likisimama na kupiga vigelegele adui anapopata chake. Dawa ya moto ni moto, na Chrispinus angechomwa juu ya shuka jeupe, mikoa yote ikitazama.

Tatizo ni kwamba aliona haya kuandika firigisi. Badala yake akaandika habari za shujaa aliyechomewa ranchi na kuibiwa farasi arobaini na adui mwenye jicho moja. Bunduki zikalia tangu ukurasa wa kwanza. Jioni akawasomea Ayuma na jirani yao Sellah. Kufikia maiti ya tatu, Sellah alikuwa ameanza kuchambua mboga. Kufikia ya sita, aliaga.

"Baba Jescah," Ayuma akasema, "watu wa hapa hawaibiwangi farasi. Huyo mtu wako akilipiza, mimi sijui namlilia nani. Andika imondo."

Cleophas akasema watu watamcheka.

"Wacheke kwanza. Halafu uwanyime kicheko."

Akaandika upya, safari hii akianzia kwenye tai. Aliandika jinsi alivyojifunga mbele ya kioo kilichopasuka, akajifungua, akajifunga tena, kisha akaandika lile bakuli. Lakini alipofika kwa Chrispinus, kalamu ikagoma. Adui asiye na sababu ni gogo tu, na nani atashangilia gogo likianguka? Ikabidi amuulize mkewe kwa nini yule mtu alikula kisicho chake. Ayuma akamweleza kwamba Chrispinus ndiye aliyekuwa akimbeba begani kuvuka mto kwenda shule, masika baada ya masika. Siku ya mahari alizunguka jikoni tangu asubuhi bila kusema na mtu, kisha akatia mkono sufuriani. Cleophas alikasirika kusikia hayo, maana hakutaka kumhurumia. Hata hivyo aliyaandika, kwa kuwa hadithi iliyataka.

Mwisho aliutunga kwa utamu. Shujaa anamwalika adui kwa heshima zote, adui anafunua bakuli, na humo hamna firigisi.

Nairobi wakaipenda. Bwana Kibiwott, mpiga filamu, alifika na kamera yake, akauliza swali moja tu.

"Sasa hapa nani anakufa?"

"Kuku," Cleophas akajibu.

Kibiwott alizunguka siku mbili akitafuta boma lenye uwanja mpana na mwanga mzuri. Kati ya maboma yote akachagua la mzee Mukhwana. Waigizaji nao walikuwa wakisahau maneno, kwa hiyo Cleophas akaambiwa awe shujaa mwenyewe. Kisha Kibiwott akamwona Chrispinus, mabega yale na masharubu yale, akasema adui amepatikana. Ayuma akamsomea kaka yake hadithi yote. Watu wakangoja vita.

Chrispinus akamjia Cleophas taratibu. "Shemeji, nimesomewa. Hapo mahali nakula, umeandika nilikula haraka. Sikula haraka, nilitafuna polepole. Andika polepole, ndiyo watanichukia vizuri."

Cleophas akarekebisha huku ameuma meno. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba jamaa alisema kweli. Hadithi ikawa kali maradufu.

Siku ya kupiga filamu, Ayuma ndiye aliyepika. Kijiji kizima kilikaa kwenye nyasi. Kamera ikawashwa, Chrispinus akafunua bakuli ambalo lilipaswa kumwaibisha. Firigisi ilikuwa imekaa juu kabisa, inang'aa mafuta.

Chrispinus alitazama bakuli, akamtazama dada yake mlangoni mwa jiko, naye Ayuma akamkazia macho bila kupepesa. Kibiwott akaendelea kupiga. Chrispinus akaichukua kwa vidole, akazunguka meza, akaiweka kwenye sahani ya Cleophas.

"Hii ni yako, shemeji. Tangu siku ile."

Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Macho yalimlowa Cleophas. Akaitia firigisi mdomoni, akatafuna. Mzee Mukhwana alijifuta uso kwa kofia.

Kibiwott alisema imetoka vizuri mno, ila wingu limepita, warudie. Kuku mwingine akachinjwa. Kisha mbwa akakatiza mbele ya kamera. Kisha mtu akapiga chafya. Kufikia alasiri walikuwa wamekwenda kuku saba, na kila mara Chrispinus aliinuka na kutoa, na kila mara Cleophas alikula. Mara ya saba shemeji hao wawili walikuwa wanacheka machozi yakiwatoka, na Kibiwott akasema hiyo ndiyo.

Ayuma akaja kuondoa bakuli. Akamwinamia mumewe sikioni.

"Baba Jescah, unakumbuka uko kwa nani?"

Cleophas akaacha kutafuna. Akautazama ule mlango, akaitazama meza ile ile, akawatazama wazee wale wale. Kiapo chake kilikuwa kimeliwa tangu saa nne asubuhi, na aliyekipika alikuwa amesimama hapo na bakuli mkononi, hana hata haya.

Akameza. Kisha akafungua kifungo cha suruali, akamsogezea sahani, akaomba aongezwe ugali, obusuma wa kwao.