Mradi wa Tatu

Povu lilikuwa limeanza kupanda kwenye sufuria ya kwanza Zainabu aliposikia krasha, mashine ya kukamulia miwa, ikinyamaza. Aliuacha upawa, akasikiliza. Krasha ikinyamaza ghafla asubuhi, kila mtu pale kiwandani husikiliza hivyo, akingoja kama sauti ya mtu aliyeumia itafuata.

Haikufuata. Mume wake, Abu, alitokea upande wa krasha akijifuta maji ya miwa kwenye viwiko.

“Ni mkutano tu, Mama Hadijah,” alisema. “Mzee anatuita.”

Zainabu alivuta makapi ya miwa yaliyokuwa yakiwaka chini ya sufuria ili juisi isiungue, akamfuata.

Kiwanda cha Sulemani kilikuwa banda la bati na nguzo za mikaratusi, katikati ya mashamba ya miwa ya Matungu. Abu aliisukuma miwa kwa mikono kati ya rola tatu za chuma, juisi ikateremka kwenye mfereji, na Zainabu akaipika mpaka ikawa sukari guru. Injini ya dizeli ilikaa nyuma ya ukuta wa matofali ili moshi wake usiingie ndani. Kuizima, ilibidi mtu auzunguke ukuta wote. Abu aliwahi kusema, wakiwa wanakula, kwamba rola hazingengoja mtu auzunguke huo ukuta. Hakulisema tena.

Sulemani aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya banda. Kando yake alisimama kijana mwenye viatu vilivyong'arishwa, ambavyo tayari vilikuwa vimekanyaga matope ya juisi. Jina lake lilikuwa Clifford, afisa wa chama cha mikopo kule Kakamega mjini. Nyuma yao, chini ya turubai la buluu, kulikuwa na injini kubwa iliyoletwa kwa pikapu wiki iliyotangulia. Wafanyakazi wote walikuwa wameiona. Hakuna aliyekuwa ameambiwa chochote juu yake.

“Asalam aleikum,” alisema Sulemani. Wakaitikia.

“Mzee ameomba mkopo wa kuboresha kiwanda,” alianza Clifford, akifungua tableti yake. “Sasa sisi hatutoanga pesa hivi hivi. Lazima mlinganishe miradi. Gharama upande huu, faida upande huu. Ile inarudisha pesa haraka ndiyo tunachukua. Nipeeni miradi tatu.”

“Ya kwanza ni injini kubwa,” alisema Sulemani.

Selpher, mwanamke aliyeanika makapi juani kila siku, aliinua kidole. “Paa la kuweka makapi. Mvua ikinyesha inalowa yote. Tunashinda tukipika moshi.”

“Paa,” alirudia Clifford, akiandika. “Na ya tatu?”

Watu walitazama chini. Zainabu aliona mikono ya Abu ikiwa imefumbatwa nyuma ya mgongo, kana kwamba ameificha.

“Sanduku la chuma kwa mdomo wa krasha,” alisema Zainabu. “Mtu asukume miwa na ubao, si na mkono. Na waya wa kuzimia injini, upitishwe huku ndani.”

Sulemani alijikuna shingo. Clifford aliandika pia hilo, tena kwa makini, kisha akaanza kuuliza maswali. Injini ilijibiwa haraka: ingekamua miwa karibu mara mbili. Paa lingeokoa siku za mvua. Alipofika kwa mradi wa tatu alimgeukia Zainabu.

“Hii itaongeza sukari?”

“Hapana.”

“Itapunguza dizeli?”

“Hapana.”

“Sasa inaokoa nini?”

“Mkono.”

Hakuna aliyecheka. Clifford alishusha tableti kidogo. “Mama, ni watu wangapi wameumia kwa hii krasha?”

“Hii, bado. Lakini kiwanda cha ng'ambo ya mto kuna mtu aliingia mpaka—”

“Hiyo ni kiwanda ingine. Mimi naulizwa ya hapa. Kitu haijatokea siwezi kuiwekea thamani. Nitaweka sifuri, lakini nitaandika kwamba mlijadili.”

“Kwa hivyo mpaka itokee.”

“Kwa hesabu, ndiyo,” alisema Clifford kwa upole, kama mtu anayesoma hukumu ambayo hakuiandika yeye.

“Hata mkaguzi alipita hapa akaona tuko sawa,” Sulemani aliongeza. Mkaguzi huyo alikuwa amekunywa chai kwenye kiti kile kile, akafungiwa sukari guru ndani ya mfuko, akaondoka bila kufika ilipo krasha. “Lakini mimi si mtu wa kulazimisha. Abu, wewe ndiye unalisha krasha. Sema wewe.”

Abu aliitoa mikono nyuma ya mgongo. Ilikuwa imekatwakatwa na majani ya miwa, makovu meupe juu ya mengine.

“Binti yetu Hadijah amefungiwa nyumba kule Shirere juu ya kodi,” alisema. Alikuwa akimtazama Clifford, si mkewe. “Analala kwa rafiki. Amebakisha muhula moja tu chuoni. Sisi tunalipwa kwa sufuria. Sufuria zikiwa mingi, anarudi kwa nyumba yake. Sanduku likiwekwa nitalisha polepole, na sufuria zitapungua. Andika injini.”

“Nani anakubaliana na yeye?” aliuliza Sulemani.

Mikono ikainuka mmoja mmoja. Wa Selpher uliinuka mwisho, na haukufika juu ya bega. Clifford aliwapiga picha wakiwa hivyo, kisha akaipiga injini picha baada ya turubai kuondolewa. Akaaga, akapanda bodaboda iliyokuwa ikimngoja.

Fundi Onesmus alikuwa kiwandani tangu alfajiri, na zana zake. Injini ya zamani ilipokuwa ikifunguliwa, Zainabu alimkuta Abu ameketi juu ya rundo la miwa.

“Umeuza mkono mbele ya watu,” alimwambia.

“Na wewe ungeuza nini?”

Ng'ombe alishauzwa. Kipande cha shamba kilikodishwa kwa jirani mpaka miwa iliyomo ivunwe mara mbili. Zainabu akamkunjia Abu mikono ya shati, mmoja baada ya mwingine, mpaka juu kabisa, isije ikanaswa na rola. Abu alimwachia afanye hivyo kama mtoto anayevishwa.

Adhuhuri ilikuwa imepita kitambo Onesmus alipomaliza kukaza mkanda. Alizipigapiga rola kwa spana, akasikiliza mlio wake.

“Mzee, hizi rola zilitengenezewa injini ndogo,” alisema. “Zitavuta kwa nguvu sana.”

“Si ndiyo tunataka?” alijibu Sulemani.

Injini ilipowaka, bati la banda zima lilitetemeka. Vumbi lilidondoka ndani ya juisi. Zainabu aliwasha moto chini ya sufuria, na kabla juisi haijaanza kuchemka mfereji ulikuwa umeshafurika. Wabebaji walikimbia na miwa. Sulemani alitembea huku na huku akitabasamu, akinyoosha dole gumba kwa kila mtu, maana sauti yake haikusikika.

Zainabu alikuwa akimtazama Abu. Zamani Abu aliisukuma miwa. Sasa miwa ilinyakuliwa kutoka mikononi mwake kabla hajaisukuma. Alishika mafungu manene, akayasogeza, yakatoweka. Fungu moja lilikuwa na muwa uliopinda. Ulipoingia ulizunguka, ukamgonga kifuani, na Abu, akiwa bado amelishika fungu, akavutwa hatua moja mbele, tumbo likafika kwenye chuma. Akajitoa. Akatazama pembeni kuona kama kuna aliyemwona, kisha akainama kuchukua fungu lingine.

Zainabu aliuweka upawa chini. Alikwenda juani, akamshika Selpher begani na kumsemea sikioni.

“Simama hapa kwa pembe ya ukuta. Usiondoe macho kwa mikono yake. Inua mkono wako, mimi niuone. Akivutwa, ushushe. Ukiushusha, nazima.”

“Na makapi yangu?”

“Iache.”

Selpher aliangalia makapi yake yaliyotandazwa, akamwangalia Abu. Akaenda akasimama, akauinua mkono, na safari hii ukanyooka.

Zainabu alizunguka ukuta. Nyuma kule joto na moshi vilimkaba koo. Akakishika kishikio cha kuzimia injini. Kutoka hapo hakumwona Abu kabisa. Aliona kiganja cha Selpher tu, juu ya pembe ya matofali.

Haikupita muda harufu ya sukari inayoungua ikamfikia. Sulemani alikuja akikimbia, kofia yake mkononi.

“Sufuria inaungua!”

“Najua.”

“Hiyo itatoka kwa malipo yako. Na ya Selpher.”

“Itoke.”

“Watu watatu kazi ya mmoja? Hii injini itanirudishia pesa gani, Zainabu? Nimeshatia sahihi. Nyumba yangu imo ndani ya huo mkopo.”

Zainabu hakugeuka. Alihisi kishikio kikitetema mpaka kwenye meno yake. “Basi umewekeza kitu chako kimoja, na sisi kimoja,” alisema, bila kujua kama alisikika. “Nenda ukoroge, Mzee. Upawa uko chini.”

Sulemani aliivaa kofia yake. Kisha akarudi ndani, na moshi mweusi uliotoka kwenye sufuria ukaanza kupungua.

Upande wa pili wa ukuta, rola zilibadilisha sauti kila fungu lilipoingia: zikanguruma, zikalegea, zikanguruma tena. Miwa ilikuwa bado mingi. Trekta lingine lilikuwa likikunja kona ya barabara, limejaa. Zainabu alikaza macho kwenye kile kiganja. Kilikuwa bado juu, lakini kilikuwa kimeanza kutetemeka kwa uchovu.